Kamera Huja Siku Mbili

Nairobi ina taarifa mbili za jioni. Saa moja husomwa ya Kiswahili, saa tatu ya Kiingereza, mara nyingi kituo ni kilekile na picha ni zilezile. Ukikaa ukazitazama zote mbili kwa wiki hivi utaona kitu. Ya saa tatu huwa na kipande chake cha biashara: soko la hisa limefungaje, dola imesimama wapi, kampuni gani imeuza hatifungani, yaani hati za deni, na wawekezaji wakaleta pesa kupita kiasi kilichoombwa. Ya saa moja ina ajali ya trela, mbunge aliyezomewa mazishini, bei ya unga, na wakazi wa mtaa fulani wanaolalamikia mtaro uliofurika. Sisemi bei ya unga si biashara. Lakini pesa zenyewe, zinakokopwa, zinavyorudishwa na aliyekubali kuzidhamini, hizo zimeachiwa saa tatu, na wengi wa watakaozilipa saa hiyo wako ndani ya matatu wakisubiri ijae, au wamelala kwa sababu kesho wanaamka saa kumi alfajiri.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia habari za kile wataalamu wanachokiita fedha endelevu. Kwa ufupi ni pesa zinazokopeshwa au kuwekezwa kwa sharti kwamba mazingira na watu wahesabiwe pamoja na faida. Humo kuna hatifungani za kijani, ambazo pesa zake hutengewa mambo ya mazingira, kuna mikopo ambayo riba yake hupanda na kushuka kulingana na mwenendo wa mkopaji, kuna biashara ya kaboni, yaani kuuziana hewa chafu iliyozuiwa au kunyonywa, kuna sola unayolipia kidogo kidogo kwa simu. Ni pesa nyingi, na sehemu yake ni zetu, kwa sababu mifuko ya pensheni ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa hatifungani. Anayekatwa pensheni kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi tayari yumo, ajue asijue.

Nimesikia mara nyingi, na hasa kutoka kwa wanahabari wenyewe, kwamba mada hii ni nzito mno kwa mwananchi. Nakataa. Mwananchi huyu ndiye aliyeifuatilia Eurobond ya 2014, mkopo wa serikali kutoka masoko ya ng’ambo, mpaka wazee wa kijiweni wakawa wanabishana pesa ilipita akaunti gani. Ndiye anayepanga mkeka wa mechi kumi na saba na kukueleza kwa nini timu ya ugenini imepewa nafasi kubwa. Mtu wa namna hiyo hashindwi na riba ya asilimia 12.

Kinachomkwamisha ni ratiba ya kamera. Kwenye habari za pesa hizi kamera huja siku mbili: siku ya kengele ya soko la hisa na siku ya korti. Siku ya kengele kuna suti, makofi na tarakimu kubwa. Siku ya korti kuna mabango, mawakili na neno “kashfa”. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka mitano, kumi, wakati mwingine thelathini, ambapo pesa inafanya kazi, riba inalipwa, watu wanahamishwa au wanaajiriwa, na hakuna anayekuja kutazama. Matokeo yake, mtaani pesa hizi zina maelezo mawili tu. Ama ni msaada wa wazungu, ama ni wizi. Maelezo ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo ya kweli, kwamba ni deni lenye tarehe na riba na mtu wa kulilipa, hayapati mtu wa kuyasema.

Chukua Oktoba 2019. Kampuni ya Acorn, inayojenga hosteli za wanafunzi hapa jijini, iliuza hatifungani ya kijani ya kwanza nchini. Ilitafuta shilingi bilioni 5, ikapata bilioni 4.3 kwa riba ya asilimia 12.25 kwa mwaka, na GuarantCo, kampuni ya kudhamini madeni, ikakubali kubeba nusu ya deni endapo mambo yangeharibika. Januari 2020 hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kisha London. Ilikuwa habari kubwa na ilistahili kuwa kubwa.

Ila hebu fikiria mama mwenye plot ya kupangisha kule Kahawa Wendani anaisikia habari hiyo. Swali lake la kwanza litakuwa: hosteli inakuwaje ya kijani? Jibu lipo, na ni la kueleweka. Cheti cha EDGE, kinachosimamiwa na IFC, shirika la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, kinataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya umeme, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la aina hiyo. Basi. Ukimwambia mama huyo hivyo atakuuliza la pili, ambalo ni zuri zaidi: umeme ukipungua, kodi ya chumba inapungua au faida inabaki kwa mwenye jengo? Atauliza la tatu: na mimi nikibadilisha mabomba ya plot yangu, benki itanipa mkopo wa riba nafuu? Hayo ni maswali ya taarifa ya saa moja kabisa. Sikumbuki kuyasikia.

Halafu Machi 2020 vyuo vyote vikafungwa kwa sababu ya Covid. Miezi miwili tu baada ya makofi ya soko la hisa, wenye hosteli jijini walikuwa na vyumba bila wanafunzi, na riba ya deni haijui likizo. Kama kuna wakati ambapo Mkenya angefundishwa hatifungani ni nini, ni huo: anayedaiwa anafanyaje pato likikauka? Mdhamini anaingia lini? Aliyenunua analala vipi? Kurasa za biashara za Kiingereza ziligusia kidogo kidogo. Kamera za jioni zilikuwa hospitalini, na siwezi kuzilaumu kwa hilo, lakini hata baada ya barakoa kutoka hazikurudi.

M-Akiba nayo ilipita njia hiyo. Machi 2017 serikali ilianza kuuza hatifungani kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 bila kodi. Haikuwa ya kijani, lakini ilikuwa mara ya kwanza mama mboga kuambiwa anaweza kuikopesha serikali bila kukanyaga benki. Toleo la majaribio la shilingi milioni 150 lilinunuliwa lote. Toleo kubwa la bilioni 1 lilipokuja baadaye mwaka huohuo, zilipatikana kama milioni 247. Mwaka ule wa uchaguzi siasa zilimeza kila kitu, hilo najua. Ila vyombo vya habari vilikuwa vimeeleza kwa ufundi mkubwa namna ya kununua, nambari ya kubonyeza na kila kitu, bila kueleza riba inaingia lini na ukipata shida ya haraka unaiuzaje kabla haijakomaa. Mtu wa chama cha kuweka akiba anauliza hilo kabla ya kutoa hata mia.

Septemba 2023 ndipo nilipoiona hali hii ikiwa uchi. Kuanzia tarehe 4 hadi 6 Nairobi iliandaa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika pale KICC, jumba la mikutano katikati ya jiji. Barabara zilifungwa, miti ikapakwa chokaa, marais wakaja, na mwisho wake ikatangazwa kwamba zimepatikana dola bilioni 23. Kwa bei ya dola ya wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi trilioni 3, karibu na bajeti nzima ya Kenya ya mwaka ule wa fedha. Tarakimu hiyo ikasomwa saa moja, ikasomwa saa tatu, ikawekwa ukurasa wa kwanza. Kesho yake kwenye foleni ya benki nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, “Sasa na hizo trilioni tatu wameshindwa kupunguza mafuta?”

Mzee yule alikuwa ameelewa vizuri kabisa alichoambiwa. Alichoambiwa ndicho kilikuwa kibovu. Ndani ya zile bilioni 23 kulikuwa na mikopo, kulikuwa na uwekezaji wa kampuni binafsi utakaofanyika ikiwa masharti yatatimia, kulikuwa na misaada, na kulikuwa na nia ya kununua kaboni, kama ile ya kampuni za Falme za Kiarabu zilizosema zitanunua ya dola milioni 450 ifikapo 2030. Zilikuwa za bara zima, si za Kenya. Sehemu kubwa haikuwa pesa iliyoshikika. Kwetu husemwa ahadi ni deni, lakini kwenye mikutano ya tabianchi ahadi ni kichwa cha habari, na mwenye kuifuata mwaka mmoja baadaye aone imefika wapi huwa hana nauli ya kumpeleka. Neno moja tu lingetosha kumwokoa yule mzee: “zimeahidiwa”. Na sentensi moja zaidi: nyingi kati yake zitarudishwa na riba.

Kwenda Marsabit ndiko kunakoonyesha kile kipindi cha katikati kinavyoweza kuwa kirefu. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ulizinduliwa rasmi Julai 2019 na picha zake ni nzuri kwelikweli, nguzo nyeupe hadi upeo wa macho. Mitambo ilikuwa imesimikwa tangu 2017 lakini laini ya kusafirisha umeme hadi Suswa haikuwa tayari mpaka 2018, na mkataba ulisema umeme ukicheleweshwa na serikali, serikali inalipa. Kwa hiyo tulidaiwa mabilioni ya umeme ambao haukuwa umefika. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi ile, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu, na ikatoa mwaka mmoja makosa yarekebishwe. Siku hiyo kamera zilirudi.

Ukiuliza watu hapa Nairobi kuhusu mradi ule, wa kundi la kwanza watakuambia ni fahari ya Afrika, wa kundi la pili ni unyakuzi. Makundi yote mawili yamesoma magazeti. Kila moja lilisoma siku yake. Ukweli kwamba upepo ule unaingiza umeme mwingi kwenye gridi bila moshi, na kwamba wafugaji hawakuulizwa inavyostahili, na kwamba faini ya kuchelewa imo ndani ya hesabu za umeme wa taifa, yote matatu kwa pamoja, hauna siku yake kwenye kalenda ya chumba cha habari.

Kwenye kaboni jambo lingine linajitokeza, na hili limenichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Kule Gazi, Kwale, kuna mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013. Ni hekta 117 za mikoko, tani kama 3,000 za kaboni kwa mwaka, na pesa zake zimeleta maji na kusaidia shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Ni mradi mzuri na wa kupigiwa mfano. Kila timu ya televisheni kutoka ng’ambo inayotaka habari ya kaboni Kenya humalizikia pale, na za hapa kwetu hufuata. Unaweza kuuzunguka kwa asubuhi moja, ukaona mikoko, ukaona bomba la maji, ukala samaki, ukarudi Diani kabla ya jioni.

Sasa nenda kaskazini. Mradi wa kaboni wa malisho ulioendeshwa chini ya shirika la uhifadhi la Northern Rangelands Trust uligusa takriban hekta milioni 1.9. Linganisha na 117. Wanunuzi wake walitajwa kuwa pamoja na Meta na Netflix. Kwetu ulikuwa ukitajwa kwenye hotuba na kwenye sherehe za kukabidhi hundi. Habari iliyoutikisa ilitoka London, Machi 2023, katika ripoti ya Survival International, shirika la kutetea haki za jamii za asili, iliyohoji hesabu zake na kama jamii ziliridhia. Verra, shirika linaloidhinisha kaboni, likausimamisha kwa muda ili uchunguzwe. Januari 2025 mahakama ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi za kijamii za shirika hilo zilizolalamikiwa ziliundwa bila kufuata sheria. Kadiri mradi ulivyo mkubwa na wa mbali, ndivyo mwanga unavyopungua. Hekta 117 zimepigwa picha kila pembe. Hekta milioni 1.9 zilisubiri korti.

Si kwamba hakuna wanahabari wa kaskazini. Wapo, na wengi ni hodari. Lakini wengi wao ni wa kujitegemea, wanaolipwa kwa habari iliyochapishwa. Habari ya siku tatu barabarani, na mafuta ya pikipiki juu yake, hulipwa sawa na ile ya chifu aliyehutubia baraza. Wewe ungeandika ipi?

Sheria nayo ilipita hivyohivyo. Mapema Septemba 2023, siku chache kabla ya mkutano wa KICC, Rais alitia saini marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Yanasema mradi wa kaboni unaotumia ardhi ya jamii uwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato, na miradi isiyo ya ardhi angalau asilimia 25. “Wenyeji kupata asilimia 40,” vikasema vichwa vya habari, na redio za Kiswahili zikapokea. Swali la mkulima yeyote aliyewahi kupeleka kahawa kiwandani ni moja: asilimia 40 ya nini? Ya mauzo yote au ya kinachobaki baada ya kila mtu mwenye kalamu kutoa gharama zake? Mkulima wa kahawa amelizwa na makato hayo tangu enzi za babu yake. Hahitaji kufundishwa, anahitaji mtu mwenye kipaza sauti amuulizie.

Mwaka 2024 ndio mwaka ambao watu wengi zaidi walisikia neno “mazingira” na neno “pesa” katika sentensi moja, na sentensi yenyewe ilikuwa ya ushuru. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na tozo ya mazingira kwa bidhaa zinazoleta taka ngumu kuoza: nepi, sodo, simu, betri, vifungashio vya plastiki. Vyombo vya habari viliitoa kwenye kurasa za katikati za mswada na kuiweka mezani, na mara moja kila mtu akaielewa. Nepi zitapanda. Sodo zitapanda. Hakuna aliyesema mada ni nzito! Kamati ya bunge ikarudi nyuma, ikasema bidhaa za hapa nchini zitaachwa, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Juni 25 vijana wakaingia bungeni, na siku iliyofuata mswada wote ukaondolewa.

Naiheshimu sana kazi iliyofanywa na wanahabari wiki zile. Vichwa vya habari vilikuwa sahihi, na mzazi wa mtoto mchanga alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Kilichonisumbua ni kile kilichokosekana: tozo ingekusanya kiasi gani, ingewekwa mfuko gani, na kama hata shilingi moja ingefika Dandora ambako taka zenyewe zinaishia. Hilo swali lingeweza kuwaumbua walioandika mswada kuliko bango lolote. Badala yake, mazingira yakabaki vichwani mwa watu kama jina jipya la kukamuliwa. Mtu atakayekuja kesho na mpango wa kweli wa kugharamia taka za Nairobi atakuta mlango umefungwa, na aliyeufunga si yeye.

Kuna jambo watu wa habari hawapendi kulisema kwa sauti, basi nitalisema mimi nisiye na mwajiri huko. Matangazo ya kibiashara ya vyombo vingi hutoka kwa benki, kampuni za simu na kampuni za kamari. Ya serikali yamekuwa yakipitia wakala mmoja tangu 2015, na vyombo vya habari vimelalamika kwa miaka kwamba havilipwi kwa wakati. Benki hizohizo ndizo zinazotoa mikopo ya kijani na kuchapisha ripoti za uendelevu zenye picha za watoto wakipanda miche. Serikali ndiyo inayotangaza ahadi za mikutano. Mhariri haambiwi na mtu asiandike. Hana haja ya kuambiwa. Anajua tu kwamba ukurasa wa kupongeza hauleti simu, na ukurasa wa kuhoji huleta. Tazama zile kurasa maalum za “uendelevu” zinazokuja na gazeti, pembeni juu kuna kijineno kwamba ni tangazo, kimeandikwa kwa herufi za kusomwa na tai.

Na kwenye kikao cha wanahabari hotelini bado kuna bahasha. Huitwa nauli. Kijana anayelipwa mshahara wa kuchelewa anapanda matatu mbili kufika Upper Hill, anapewa taarifa iliyokwisha kuandikwa, chai, na nauli. Kumdai achambue riba mahali hapo ni kumwonea.

Mambo yakipangwa tofauti, mengine huwezekana. Agosti 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha madai ya aliyekuwa mkuu wa uendelevu wa DWS, kampuni ya uwekezaji ya kundi la Deutsche Bank, kwamba kampuni hiyo ilijinadi kuwa ya kijani kuliko ilivyokuwa. Mei 2022 polisi wakapekua ofisi zake Frankfurt. Septemba 2023 ikakubali kulipa dola milioni 19 kwa msimamizi wa masoko ya Marekani. Gazeti lile lina mawakili, lina dawati la watu wanaosoma hesabu kutwa, na lina wasomaji wanaolipia. Hapa kwetu nasi tumeanza kuweka habari nyuma ya malipo, nami nalipa, sina kinyongo. Ila matokeo ni kwamba maelezo yanafungiwa ndani na kichwa cha habari kinabaki nje, bure, kwa wale wanaosimama mbele ya muuza magazeti pale barabara ya Tom Mboya wakisoma kurasa za mbele bila kununua.

Mfano mdogo wa kinachopotea hapo. Mwaka 2023 Safaricom ilichukua mkopo wa shilingi bilioni 15 kutoka kwa kundi la benki, mkopo uliofungamanishwa na malengo ya uendelevu. Ni rahisi kuuita mkopo wa kijani, na sio. Hatifungani ya kijani inabana pesa: ukisema ni ya hosteli zinazobana maji, iende huko. Mkopo wa aina hii haubani pesa, unambana mkopaji. Anaweza kuzitumia kwa shughuli zake zozote, lakini akitimiza malengo waliyoandikiana riba inalegea, akishindwa inakaza. Kwa hiyo habari yenyewe iko kwenye malengo: ni magumu kweli, au ni mambo ambayo kampuni ingeyafanya hata bila kuahidi? Sijasikia mtangazaji akiuliza. Na siku hizi hakuna kisingizio cha kukosa pa kushika. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa mabenki kuhusu hatari za tabianchi Oktoba 2021, Soko la Hisa likatoa wake Novemba mwaka huohuo kuhusu yale ambayo kampuni zinapaswa kufichua, na Aprili 2025 Benki Kuu ikatoa utaratibu rasmi wa kueleza shughuli gani ihesabiwe ya kijani na gani isihesabiwe. Nyaraka zipo mtandaoni, bure. Mwanahabari akiwa na orodha hiyo mkononi na ripoti ya benki mkono wa pili, habari inajiandika.

Kijana anayenibeba kwa boda kutoka stage ya 46 kule Kawangware alibadilisha pikipiki mwaka jana. Aliacha ya petroli akachukua ya umeme. Haina mtetemo, haina moshi, na betri ikipungua anaingia kwenye kibanda, anachomoa, anachomeka nyingine, anaondoka kabla hujamaliza kusoma ujumbe mmoja wa WhatsApp.

“Hii ni yako?” nikamuuliza.

“Itakuwa yangu, madam. Saa hii ni ya kampuni.”

Akanionyesha simu. Ujumbe mmoja kila siku, ukishuka chini kwa kidole unashuka wewe tu: malipo ya leo yamepokelewa, malipo ya leo yamepokelewa. Siku ambayo hayajapokelewa pikipiki inazimwa kwa mbali, popote ilipo. Ilimzimikia mara moja akiwa amebeba abiria, wakaisukuma hadi kando ya barabara. Analipa kwa siku na anaijua ya siku. Jumla yake hakuwahi kuambiwa kwa namna ya kukaa kichwani, na riba hakuiona imeandikwa mahali. Kampuni yenyewe ilikopa kwa wafadhili wa maendeleo kwa masharti nafuu, hilo nililisoma kwenye taarifa yake ya habari, ambayo magazeti yaliichapa karibu kama ilivyoandikwa. Nafuu hiyo imeshuka mpaka stage ya 46 au imeishia njiani? Haya ndiyo matumbo ya fedha endelevu, na yako barabarani kila siku, mbele ya kila mwenye kamera. Tunachoonyeshwa ni waziri aliyevaa helmeti akizunguka nayo uwanjani.

Kisha akaniuliza yeye. Alikuwa amesikia redioni kwamba kampuni za pikipiki za umeme zinaweza kuuza kaboni ng’ambo.

“Sasa kama mimi ndio nimeacha kuchoma petroli, na pikipiki mimi ndio ninailipia, hiyo kaboni ni ya nani?”

Ni swali bora kuliko yote niliyosikia kwenye mkutano wa KICC. Nilimpelekea rafiki yangu wa dawati la biashara kwenye gazeti moja, akalipenda sana. Mhariri wake akasema hiyo ni habari ya teknolojia. Wa teknolojia akasema ni ya mazingira. Wa mazingira, ambaye yuko peke yake na anashika pia afya, aliuliza kama kuna kesi yoyote kortini. Nikamjibu kwamba bado.